Bunga inapanda, wakubwa wanatuonyesha kanisa

Ndugu musomaji, kama umeishi Lubumbashi wakati wa kampeni, picha hii unaijua. Ni siku ya yenga. Magari mbili ao tatu yenye vioo vyeusi yanasimama mbele ya kanisa fulani, iwe Katuba, iwe Ruashi, iwe Kampemba. Mukubwa anashuka, anaingia, wanamukalisha mbele. Kisha mahubiri wanamupatia mikro. Anasalimia, anaomba watu wamuombee, halafu anatangaza: mifuko ya simenti, mabati, viti, kinanda kwa kwaya. Watu wanapiga mikono. Kanisa linatetemeka kwa shangwe.

Inje, mita mia moja tu, mama anapima bunga kwa meka. Bei ya meka haiko tena ile ya mwezi uliopita. Umeme ulikatika tangu jana jioni, bei ya makala nayo imepanda. Lakini siku hiyo, katika mazungumuzo ya mutaa, hakuna anayeongea juu ya bunga. Watu wanaongea juu ya simenti. Yule ametoa ngapi? Wa mwaka ule alitoa ngapi? Sasa tutamaliza paa.

Maandishi haya hayataki kusema kwamba kujenga nyumba ya Mungu ni kosa. Wengi wetu tumelelewa na kanisa, tumesoma masomo ya kanisa, tumezaliwa katika maternite ya kanisa. Tunataka kuangalia kitu kimoja tu: nini inatokea wakati wanasiasa wanaleta jengo la Mungu pale raia walikuwa wanauliza juu ya feza yao. Jambo hili haliko la kwetu peke yetu. Majirani zetu wamelipitia, na kwao tunaweza kujifunza.

Kenya: kanisa ndani ya nyumba ya raisi

Tuanze na Kenya. Si komine yetu ya Kenya, ni ile inchi ya Kenya.

Tarehe 4 mwezi wa 7 mwaka 2025, gazeti Daily Nation la Nairobi lilitoa habari kwamba Raisi William Ruto anajenga kanisa kubwa ndani ya uwanja wa Ikulu, ni kusema ndani ya makao ya raisi. Kufuatana na michoro iliyotolewa, kanisa lingekuwa na nafasi ya watu 8.000. Bei iliyotajwa ilikuwa shilingi bilioni 1,2 za Kenya, ni kusema karibu dola milioni 9.

Ruto hakukana. Alisema kwamba alipofika Ikulu alikuta pale kanisa la mabati, na kwamba jengo kama lile halistahili mahali kama pale. Akaongeza kwamba feza ya kujenga itatoka katika mufuko wake mwenyewe, si katika feza ya serikali. Tena akasema hataomba musamaha kwa mutu yeyote juu ya kujenga kanisa, na kama kuna anayekasirika, labda ni shetani.

Sasa angalia wakati habari hiyo ilitokea. Mwaka mumoja mbele, tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka 2024, vijana wa Kenya walijaza mabarabara na kuingia mpaka ndani ya bunge. Walikuwa wanakataa sheria ya feza iliyoleta kodi mupya. Katika mapendekezo ya kwanza, hata mukate ulikuwa ndani. Makumi ya watu waliuawa katika maandamano ya mwaka ule, na Ruto alilazimika kuacha sheria ile. Mwaka 2025, tarehe ileile ya 25 mwezi wa 6, vijana walirudi katika barabara kukumbuka wenzao, na watu wengine tena wakakufa. Wakati ule deni la inchi lilikuwa limepita shilingi trilioni 11. Vijana wenye diploma walikuwa wanakaa nyumbani bila kazi.

Katikati ya mambo hayo yote, inchi nzima ikaingia katika bishano juu ya kanisa la Ikulu. Wengine waliuliza: katiba ya Kenya inasema hakuna dini ya serikali, namna gani kanisa moja linajengwa kwenye udongo wa serikali? Wengine walijibu: mubaya gani kumujengea Mungu nyumba? Askofu mukuu wa Katolika wa Nairobi, Philip Anyolo, naye aliomba maelezo. Yalikuwa maswali ya haki. Lakini ona: mukate, kodi, deni, kazi na wale waliokufa vilisogea nyuma kidogo. Mbele pakasimama kanisa.

Hatusemi kwamba Ruto alikaa mahali fulani akapanga siku ile kwa kusudi. Moyo wa mutu hatuwezi kuusoma, na yeye anajulikana tangu zamani kama mutu wa maombi. Sisi tunaangalia matokeo. Raia aliyekuwa anauliza "kodi yangu imeenda wapi?" alijikuta anaulizwa "wewe uko upande wa Mungu ao wa shetani?"

Zambia: wakati kwacha ilianguka

Tuje karibu zaidi. Ngambo ya Kasumbalesa, ndugu zetu wa Zambia waliona mambo kama haya mwaka 2015, na sisi wa Haut-Katanga tuliyasikia mpaka ndani ya masoko yetu.

Mwaka ule bei ya shaba ilianguka katika soko la dunia. Zambia inaishi kwa shaba sawa vile sisi tunaishi kwa shaba na kobalti. Kwacha ilipoteza karibu nusu ya bei yake mbele ya dola. Mvua ilikuwa kidogo, maji ya Kariba yalishuka, umeme ukakatwa masaa mengi kila siku. Katika Copperbelt, kule Luanshya, mugodi wa Baluba ulisimamisha kazi. Kampuni Mopani, ya Glencore, ikatangaza kutuma nyumbani maelfu ya wafanyakazi. Kule kulikuwa na ndugu zetu ndani, kwa sababu mupaka ule unagawanya jamaa lakini haugawanyi shida.

Raisi Edgar Lungu alifanya nini? Alitangaza siku ya inchi nzima ya maombi, kufunga, kutubu na kupatana, tarehe 18 mwezi wa 10 mwaka 2015. Mabaa yalifungwa. Mechi za mupira zilisogezwa. Watu maelfu walikusanyika Lusaka kuombea kwacha na uchumi. Pamoja na hayo kukaja mupango wa kujenga Lusaka Nyumba ya Inchi ya Maombi, jengo kubwa la wakristo wa madehebu yote. Mwaka 2016, kisha uchaguzi ambao Lungu alishinda kwa 50,35 kwa mia, serikali iliunda hata wizara maalumu ya uongozi wa inchi na mambo ya dini.

Watu wengi wa Zambia waliomba kwa moyo safi. Nani atawalaumu? Kama mutoto anagonjwa, unaomba. Kama kazi imepotea, unaomba. Lakini maombi ya raisi yalikuwa na kitu kingine ndani yake. Siku ile, kuanguka kwa feza kulionekana kama matokeo ya zambi za watu wote, wakubwa kwa wadogo. Dawa ikawa kutubu, sisi wote pamoja. Sasa, kama sisi wote tumekosa, nani atamuuliza yule aliyesaini madeni? Serikali ya Zambia ilikuwa imekopa mara nyingi katika masoko ya dunia, na iliendelea kukopa kisha maombi yale.

Mwisho unajulikana. Mwezi wa 11 mwaka 2020, Zambia ilishindwa kulipa faida ya deni lake, inchi ya kwanza ya Afrika kuanguka hivyo wakati wa Covid-19. Mwaka 2021 Lungu alishindwa katika uchaguzi. Nyumba ya Inchi ya Maombi ilikuwa haijaisha. Raisi mupya, Hakainde Hichilema, aliondoa wizara ile ya dini, lakini siku ya maombi, tarehe 18 mwezi wa 10, imebaki siku ya mapumziko mpaka leo. Hiyo nayo inatuonyesha kitu: kitu cha dini kikishaingia katika siasa, hata anayekuja nyuma anaogopa kukiondoa, kwa sababu watasema amekataa Mungu.

Yamoussoukro: basilika na lopitali

Mufano mukubwa kuliko yote Afrika uko Côte d'Ivoire. Raisi Félix Houphouët-Boigny alijenga basilika ya Mama Maria wa Amani katika kijiji chake cha kuzaliwa, Yamoussoukro, ambacho alikigeuza kuwa muji mukubwa wa inchi. Kazi ilianza mwaka 1985 na kuisha mwaka 1989. Musalaba wa juu yake unafika mita 158. Ni moja ya makanisa makubwa kuliko yote duniani.

Katika miaka ileile, bei ya kakao ilianguka. Mwaka 1989 serikali ilikata kati kwa kati bei ambayo mukulima alikuwa analipwa, kutoka franka CFA 400 kwa kilo mpaka 200. Mwanzo wa mwaka 1990 ikataka kupunguza pia mishahara ya wafanyakazi. Wanafunzi na wafanyakazi wakaingia barabarani. Raisi alikuwa anajibu nini juu ya basilika? Kwamba ameijenga kwa feza yake mwenyewe, juu ya udongo wa jamaa yake. Unasikia? Jibu lilelile ambalo Nairobi ililisikia miaka 35 kisha.

Papa Yohane Paulo wa Pili alikubali kuja kuibariki basilika ile, tarehe 10 mwezi wa 9 mwaka 1990, lakini aliomba kwamba pembeni yake pajengwe lopitali. Jiwe la kwanza la lopitali likabarikiwa. Unajua lopitali ile ilifunguliwa mwaka gani? Mwaka 2015. Basilika ilichukua miaka karibu 4. Lopitali ilingoja karibu miaka 25.

Ghana nayo, chini ya Raisi Nana Akufo-Addo, ilitangaza mwaka 2017 katedrale ya inchi nzima pale Accra. Mwisho wa mwaka 2022 Ghana ilishindwa kulipa madeni yake. Alipotoka madarakani mwanzo wa mwaka 2025, karibu dola milioni 58 za serikali zilikuwa zimetumika, na raia waliweza kwenda kuangalia matokeo: shimo kubwa katikati ya muji.

Mutego unafanya kazi namna gani

Ukiweka inchi hizo pamoja, unaona njia ni moja.

Kwanza, kunakuwa swali la feza ambalo mukubwa hana jibu lake. Bei ya kitu inchi inachouzisha inje imeanguka, ao deni limekuwa kubwa, ao kodi imepanda na kazi haiko.

Pili, kunatokea kitu cha dini ambacho kila mutu anakiona kwa macho. Jengo, jiwe la kwanza, siku ya maombi, mbio ya kuelekea mahali patakatifu. Bei ya bunga ni namba, inachosha kueleza. Lakini kanisa ni picha. Televisheni inaipenda, simu zetu zinaipenda. Na sisi waandishi wa habari, tukubali, tunaipenda pia. Ni rahisi kwenda kupiga picha ya jiwe la kwanza kuliko kwenda kuomba karatasi za bajeti katika biro ya serikali.

Tatu, na hapa ndipo mutego unafunga: swali linageuka. Wewe uliuliza juu ya hesabu, wanakujibu juu ya imani. Ukiendelea kuuliza, wewe ndiye unakuwa mubaya. Jirani yako mwenyewe, ambaye mufuko wake uko mutupu sawa wako, anakuambia: "Acha kumusema, angalau yeye anajengea Mungu." Hapo mukubwa hana haja tena ya kujitetea. Wewe na jirani yako munabishana, yeye amekwenda.

Ndiyo sababu musikiti, kanisa ao mahali pa hija vinafaa kwa kazi hii kuliko soko ao barabara. Mutu akijenga barabara mubaya, tunasema ni mubaya. Akijenga kanisa, kinywa kinakuwa kizito.

Sisi wenyewe, hapa Katanga

Usizani tuko tunacheka wengine. Muji wetu unajua mambo haya tangu wakati wa wabelgiji. Wazee walisema Kongo ilikuwa inatawaliwa na watatu: serikali, misioni na kampuni. Hapa Élisabethville kampuni ilikuwa Union Minière. Katedrale ya Watakatifu Petro na Paulo ilisimama katikati ya muji kuonyesha utulivu na baraka. Lakini mwezi wa 12 mwaka 1941, wafanyakazi weusi wa Union Minière walipogoma kuomba mushahara unaotosha kula, jibu lilikuwa risasi. Tarehe 9 mwezi ule makumi yao waliuawa hapa katika muji wetu. Na askofu mukubwa wa wakati ule, Jean-Félix de Hemptinne, alijulikana kama mutetezi mukali wa utawala wa kikoloni. Kengele zilikuwa zinalia, lakini si kwa ajili ya mushahara.

Mobutu yeye alionyesha upande mwingine wa jambo hilihili. Mwaka 1974, bei ya shaba ilianza kuanguka, na biashara zilizochukuliwa kwa zairianisation ya mwisho wa mwaka 1973 zilikuwa zinakufa mukononi mwa wenyeji wao wapya. Mwaka uleule serikali ilipiga vita na kanisa: Noeli haikuwa tena siku ya mapumziko, misalaba ikaondolewa katika majengo ya serikali. Inchi ikabishana juu ya Noeli. Kujenga kanisa ao kupigana na kanisa, matokeo yanaweza kuwa mamoja: watu wanaangalia musalaba, hawaangalii sanduku la feza.

Na sanduku lilikuwa linatoboka. Gécamines, iliyotoa tani karibu 476.000 za shaba mwaka 1986, ilifika chini ya tani 50.000 mwaka 1993. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10.000 walitumwa nyumbani katika ule mupango ulioitwa kuondoka kwa kupenda. Jamaa nyingi zinazosoma maandishi haya zinajua kama kulikuwa kupenda kweli.

Leo feza ya madini iko nyingi kuliko wakati ule. Sheria ya madini ya mwaka 2018 inasema namna ya kugawanya redevansi, ni kusema ile sehemu kampuni inalipa juu ya madini inayouzisha. Juu ya shaba ni 3,5 kwa mia. Juu ya kobalti, ambayo iliwekwa kati ya madini ya maana sana, ni 10 kwa mia. Katika redevansi hiyo, 50 kwa mia inaenda serikali kuu Kinshasa, 25 kwa mia inaenda jimbo, 15 kwa mia inaenda kwa muji, komine, sekta ao cheferi ambapo mugodi uko, na 10 kwa mia inawekwa akiba kwa vizazi vinavyokuja. Zaidi ya hayo, kampuni inapaswa kutoa angalau 0,3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii za pale inachimba.

Soma tena namba hizo polepole. Ni kusema kwamba komine yako, kama iko na mugodi, iko na haki yake iliyoandikwa katika sheria. Haiko zawadi ya mutu. Sasa, mukubwa wa jimbo ao wa komine akija kanisani kwako na mifuko mia ya simenti, swali la kwanza haliko "asante tuseme namna gani?" Swali ni hili: ile 15 kwa mia imefanya nini mwaka huu? Kwa sababu inaweza kuwa anakupa kwa mukono wa kuume kijiko kimoja, na mukono wa kushoto umeshika sufuria ambayo ilikuwa yako.

"Feza ni yangu mwenyewe"

Jibu hili la mufuko wa mutu mwenyewe linahitaji tulisimamie kidogo, kwa sababu linafunga watu wengi kinywa. Mutu ana haki ya kutoa sadaka ya jasho lake, ni kweli. Lakini mukubwa wa serikali haiko mufanyabiashara wa soko la Mzee Kabila. Tunajua mushahara wake unatoka wapi, kwa hiyo tuko na haki ya kujua yanayozidi mushahara yanatoka wapi.

Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 99, inaomba raisi na wanamemba wa serikali waandike mali yao yote na kuitangaza mbele ya korti ya katiba, wakiingia katika kazi na wakitoka. Ndiyo njia ya kupima maneno "feza ni yangu." Mutu aliyetangaza mali yake wazi anaweza kujenga makanisa 10, hatuna neno. Yule ambaye mali yake haijulikani, hata benchi moja tumuulize. Na kifungu cha 1 cha katiba hiyohiyo kinasema inchi yetu ni ya laïcité: serikali haina dini yake. Si kwamba inachukia Mungu. Ni kwamba haiwezi kujificha nyuma yake.

Makanisa nayo yanaweza kukataa

Kuna watu wanaosema: wachungaji wafanye nini, kanisa halina paa, mukubwa ameleta mabati, wayarudishe? Jibu lilitoka Nairobi. Mwezi wa 11 mwaka 2024, Ruto alienda katika parokia moja ya katolika, mutaa wa Soweto, akatoa shilingi za Kenya milioni 2,6: kwa kwaya, kwa baraza la parokia, na kwa kujenga nyumba ya padri. Akaahidi nyingine. Kesho yake Askofu mukuu Anyolo alitangaza kwamba feza hiyo itarudishwa. Sababu: kanisa lisitumiwe kwa siasa, na maaskofu walikuwa wamekwisha kusema wazi juu ya kodi na juu ya ahadi zisizotimizwa. Parokia haikukufa.

Na hapa kwetu, wakristo hawakusimama siku zote upande wa wakubwa. Tarehe 16 mwezi wa 2 mwaka 1992 wakristo wa Kinshasa waliandamana kuomba Konferansi ya Taifa ifunguliwe tena, na wengi walipoteza maisha. Tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 2016, maaskofu wa CENCO ndio walisimamia mapatano juu ya uchaguzi uliokawia. Kanisa la namna hii wanasiasa hawalitolei simenti mingi.

Kwa hiyo, ndugu musomaji, siku nyingine magari yale yakisimama mbele ya nyumba yako ya kuombea, fanya mambo matatu. Piga mikono kama unataka, lakini uliza feza imetoka wapi. Uliza nini hakikujengwa ili hiki kijengwe: ni masomo, ni santé, ni daraja, ni mabomba ya maji? Na uliza karatasi ya hesabu inapatikana katika biro gani, siku gani. Maswali haya hayapunguzi imani ya mutu. Mutu anayeenda kanisani kila siku ya yenga anaweza kuyauliza kwa sauti kuliko wote, kwa sababu yeye anajua amri ile ya usiibe.

Tumalize na mukongomani mumoja. Floribert Bwana Chui alikuwa kijana wa miaka 26, mukristo, mufanyakazi wa OCC pale Goma, ile biro inayopima vitu vinavyoingia kama ni vizuri kwa kula. Mwaka 2007 walimuletea feza kusudi aache muchele ulioharibika upite. Akakataa. Mwezi wa 7 mwaka ule wakamukamata, wakamuua. Tarehe 15 mwezi wa 6 mwaka 2025, Roma, kanisa katolika lilimutangaza mwenyeheri.

Yeye hakuacha jengo. Hakuleta simenti, hakupewa mikro. Alilinda chakula cha watu ambao hata hakuwajua majina. Kama mukubwa wa Haut-Katanga anataka kweli kumuheshimu Mungu mbele yetu, njia iko, na haihitaji hata tofali moja: asimame pale Kasumbalesa, aangalie bunga inayoingia, kodi inayolipwa, na ile inayopotea kati ya barière na sanduku la jimbo. Siku tutakapoona hesabu hiyo imebandikwa kwenye ukuta wa komine, tutajua tunamuombea namna gani.